Kitabu cha Kitereza na Kikao Chetu cha Matanga

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka. Mzungumzaji alisoma hapa tangu 1995 hadi 1998, na sasa ni mtumishi wa Serikali.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mliokaa sakafuni kwa sababu viti tumevimaliza sisi wenye matumbo: mwadila.

Barua ya Katibu iliniomba nizungumze juu ya nafasi ya msomi katika maendeleo. Nilijibu kwamba nitakuja. Ukiisoma barua yangu vizuri, Ndugu Katibu, utaona kwamba sikuahidi kuzungumza juu ya jambo hilo. Nimekuja kuzungumza juu ya kitabu kimoja cha hadithi, na juu ya kikao kimoja cha ukoo wetu ambacho mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu zake. Mwenye kusubiri takwimu za maendeleo anisamehe, au akaangalie chakula kimefikia wapi.

Kitabu chenyewe ni hiki. Wa nyuma hamkioni vizuri, maana jalada lake lilitoka zamani nami nimelishona kwa uzi wa gunia. Kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na mwandishi wake ni Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Nilikinunua kwa wauza vitabu vikuukuu waliokuwa wakipanga vitabu chini kando ya barabara kule Posta, Dar es Salaam, nilipokuwa Chuo Kikuu. Nilikinunua kwa sababu kilikuwa kinene na bei yake ilikuwa ndogo. Nikakisoma kurasa thelathini hivi, nikachoka, kikawa kazi yake kuzuia dirisha lisijifunge.

Mniruhusu nieleze kwanza habari za mwandishi, maana zinahusiana na neno langu. Mzee Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisomeshwa na wamisionari, akapelekwa seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akarudi na lugha kadhaa za Ulaya kichwani, na Kilatini juu yake. Mwaka 1919 alimwoa Bibi Anna Katura. Walipata watoto, na watoto hao hawakuishi. Katika ukoo wa siku zile mtu wa hali hiyo alishauriwa, na pengine kulazimishwa, kuoa mke mwingine. Yeye hakuoa. Aliishi na mkewe huyo mpaka uzeeni, kule Kagunguli.

Mtu huyo ambaye nyumba yake haikuwa na mtoto ndiye aliyekaa akaandika kitabu kirefu juu ya mume na mke wanaotafuta mtoto. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Hakikupata mchapaji. Miaka ikapita, ishirini, thelathini. Alipokuwa mzee, na maradhi ya viungo yamemkamata, alikaa tena chini akakigeuza chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafa. Husimuliwa kwamba hakuwahi kukishika mkononi kikiwa kimechapwa.

Wanafunzi, ninyi mnaolalamika kwamba insha ya kurasa mbili ni ndefu, mtafakari habari hiyo kidogo.

Sasa hadithi. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke, wanapendana, hawana mtoto aliye hai. Ndugu wa mume wanaanza kumsema mke. Wazazi wa mke wanaposikia binti yao anavyotukanwa wanakuja kumchukua. Myombekere anabaki na nyumba baridi. Hatafuti mwanamke mwingine. Anakwenda ukweni kuomba mkewe arudishwe, na huko anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Basi anarudi kwake kuitengeneza pombe hiyo, na Mzee Kitereza hakuachii hatua hata moja: ndizi, kuivisha, kukamua, vyombo, watu wa kusaidia, safari ya kuipeleka. Baadaye ndipo unapofika uganga, na dawa, na mwishowe mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na kisha wa kike, Bulihwali. Majina hayo yenyewe ni matanga. La kwanza ni jina la mtu anayekaa na kifo siku zote. La pili ni swali: huzuni itakwisha lini? Ndivyo wazazi wetu walivyowaita watoto waliozaliwa baada ya wengine kufa, na hapa Usukumani pia tunao wenye majina ya namna hiyo. Naona wengine wanatabasamu.

Nilipokuwa kijana ile habari ya pombe ndiyo iliyonichosha. Nilisema, mzee huyu anajua kusimulia lakini hajui kukata. Sasa nina miaka arobaini na kitu, na nasema kwamba pombe ile ndiyo kiini cha kitabu. Lakini ili niwaeleze kwa nini, lazima niwape habari za nyumbani kwetu.

Nilikuwa na kaka. Alinipita miaka tisa. Mimi nilipoingia hapa kidato cha kwanza, aliyenilipia ada, akaninunulia godoro na ndoo, ni yeye. Alikuwa mchimbaji mdogo, mwenye fungu lake katika duara, hapa hapa Bulyanhulu. Wazee mnakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya mgodi mkubwa: maturubai, vumbi, redio, na watu wa kila kabila la nchi hii. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa. Yaliyotokea siku zile yamebishaniwa miaka mingi, nami sikuja hapa kuyaamua. Ninachojua ni kwamba kaka alifika nyumbani usiku bila zana, akalala siku mbili, akaamka akaenda upande wa Geita kuanza upya. Ada yangu ya muhula uliofuata ilichelewa wiki tatu, ikafika. Mwaka 2001 mgodi wa chini ya ardhi ulipofunguliwa, yeye alikuwa anachimba kwa nyundo na moko kwenye mashimo ya wenyewe, nami nilikuwa nangoja kwenda Chuo Kikuu kwa fedha za mashimo hayo.

Mwaka 2009, wakati wa masika, duara alilokuwamo lilianguka. Matimba ya kuzuia kuta yalikuwa yameoza. Walimtoa siku ya pili. Aliacha wajane wawili na watoto saba, wa kwanza miaka kumi na mitano, wa mwisho bado mgongoni.

Tulimzika. Siku ya kuondoa matanga baba mkubwa alikalisha kikao chini ya mwembe. Tulikuwa watu ishirini na watatu, nikiwamo mimi, mtumishi wa Serikali mwenye shahada, ambaye kwa sababu hiyo nilipewa daftari na kalamu. Daftari hilo ninalo. Mstari wenyewe unasema hivi: "Wajumbe wote wamekubaliana kwamba watasaidiana kuwalea watoto wa marehemu." Mwandiko ni wangu, mzuri kabisa, umepigiwa mstari chini kwa rula.

Kila aliyesimama alisema tutasaidiana. Shangazi alisema, wajomba walisema, na mimi nilisema, tena kwa maneno mengi kuliko wote. Mzee mmoja alitaja habari za kurithi wajane, shemeji zangu wakainuka wakaondoka, jambo hilo likafa pale pale. Tukala, tukaagana. Hakuna aliyeuliza nani atafanya nini kuanzia Jumatatu.

Mimi nilichukua wawili, kijana mkubwa na mdogo wake wa kike, nikawapeleka nyumbani kwangu mjini. Watano walibaki kijijini na mama zao. Kwa hao watano nilikuwa mtu wa kutuma. Simu za kutumia fedha zilikuwa zimeingia siku si nyingi, na ninyi nyote mnajua utamu wake: unabonyeza, unasikia umefanya kitu. Kwa zaidi ya miaka miwili sikukanyaga kijijini. Nilibonyeza. Ndugu wengine waliona kwamba msomi anatuma, nao wakapumzika.

Na kwa wale niliokaa nao nyumba moja nako sikufanya vizuri. Nilikwenda kuwaandikisha bima ya afya. Fomu ya siku zile ilikuwa na nafasi ya mwenzi na wategemezi wanne. Nilikuwa na watoto wangu wawili, nikasema nafasi zatosha. Karani akaniuliza, hawa ni watoto wako? Nikasema ni wa kaka yangu, kwetu ni wangu. Akasema nilete hati ya mahakama. Sikumlaumu, alikuwa anafuata taratibu kama mimi ninavyofuata za kwangu. Lakini nilirudi nyumbani nikasema jambo hilo mezani, kwa mzaha, kwamba Serikali imekataa kuwatambua. Mke wangu alinitazama. Yule kijana aliacha kula.

Miezi minne baadaye, akiwa kidato cha pili, aliondoka na begi lake la shule. Daftari aliziacha zimepangwa kitandani. Nilipata habari zake kutoka kwa mtu wa nyumbani: yuko machimboni, anapakia mawe kwenye viroba, analala kwenye karasha.

Ndugu Mwenyekiti, wiki hiyo sikwenda kumtafuta. Nilikuwa na taarifa ya robo mwaka. Nilituma nauli kwa simu kwa mtu aliyemfahamu, nikasema mpe arudi. Fedha ilipokelewa. Kijana hakurudi.

Hapo ndipo usiku mmoja umeme ulikatika, nikakiondoa kitabu hiki dirishani, nikawasha taa ya chemli nikaanza tena. Nilipofika kwenye pombe sikuchoka. Niliona mtu mzima, mwenye nyumba yake, ambaye amekosewa na ndugu zake mwenyewe, maana yeye hakumtukana mkewe, ndugu ndio waliomtukana. Angeweza kusema kosa si langu. Hasemi hivyo. Anakwenda kwa miguu yake. Na kule ukweni wazee hawamwambii, haya tutaelewana. Wanamtajia faini. Faini ni kitu kinachohesabika: kinaivishwa, kinakamuliwa, kinabebwa, na kikifika kila mtu anaona kimefika au kimepungua. Nilipekua kitabu chote nikitafuta mahali ambapo mtu anasema tutasaidiana na habari ikaishia hapo. Kama pako, mimi sikupaona.

Tunapenda kusema kwamba wazee wetu walikuwa na moyo wa ukoo na sisi tumeupoteza mjini. Nimelisema hilo katika semina, nikapigiwa makofi. Mzee Kitereza hasemi hivyo. Ukoo katika kitabu chake ndio unaomfukuza mwanamke wa watu kwa maneno, na ukoo huo huo ndio unaokuja kukamua ndizi. Moyo walikuwa nao kama sisi, mbaya na mzuri. Ninachoona walituzidi ni kutaja. Wewe, kitu fulani, kiasi fulani, siku fulani.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na nne mtaniambia kwamba iko Rosa Mistika. Ni kweli, nayo ni ya mtu wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, na kisiwa kile sijui kina nini, maana Gabriel Ruhumbika aliyekitia kitabu hiki cha Kitereza katika Kiingereza mwaka 2002 naye ni wa huko huko. Rosa Mistika ilitoka 1971, na kuna wakati haikutakiwa shuleni. Nyumba ya Zakaria na Regina ina watoto wengi, na baba anakunywa wajibu wake kilabuni, mzigo unamwangukia mama na binti mkubwa. Someni. Lakini Zakaria ni rahisi kumlaumu. Kila msomaji anamaliza akisema, mimi si kama yule. Mimi sikuwa mlevi. Nilikuwa nikituma fedha kila tarehe 25. Ndiyo maana Kitereza amenibana pale ambapo Kezilahabi aliniachia upenyo.

Nilikwenda machimboni mwezi uliofuata, kwa basi, kisha pikipiki. Nilimkuta kijana amekuwa mweupe kwa vumbi la mawe. Alinisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo baba mdogo," akanipa ndoo nikalie. Nikatoa hotuba yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wale wadogo zangu kule kijijini, baba mdogo, uliwaona lini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Alikuwa akiwapelekea yeye. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa anafika kijijini kila mwezi na kilo za unga, akiwahesabu mmoja mmoja, wakati mimi nina risiti za simu.

Nilikaa siku tatu. Hakurudi shule, na sitawadanganya kwamba alirudi baadaye. Alitaka nimwahidi neno moja, nami nilitaka aniahidi moja. Langu lilikuwa kwamba hataingia duara ambalo hajakagua matimba yake. Lake lilikuwa kwamba kila mtoto aliyebaki nitamtaja kwa jina na kitu chake: huyu viatu Januari, huyu daftari, huyu apelekwe Bugando kuangaliwa macho. Tukaandika kwenye karatasi ya sigara. Ilikuwa kumbukumbu fupi kuliko zote nilizopata kuandika, haikupigiwa mstari kwa rula, na ndiyo pekee iliyotekelezwa yote, ingawa viatu vilichelewa hadi Machi.

Yeye sasa ni mtu mzima, ni fundi wa matimba. Watu wanamwita kutoka mbali kwa sababu hakubali mbao mbovu. Dada yake ni muuguzi. Watatu wanalima na kufuga. Mmoja alifariki mwaka 2014 kwa ugonjwa, na juu ya huyo nisingependa kusema zaidi. Yule aliyekuwa mgongoni yumo humu ukumbini, amevaa sare kama ninyi. Jana jioni nilimwomba ruhusa nisimulie habari hizi. Aliniambia niseme, ila nisimtaje, na nisimwangalie wakati ninasema. Mmeona kwamba tangu nianze ninaangalia saa ya ukutani.

Sasa nije kwenye la kwetu, Ndugu Mwenyekiti, na hapa najua nitawaudhi baadhi. Nimesoma kumbukumbu za mkutano wetu wa mwaka jana. Ukurasa wa tatu, aya ya pili: wanachama wamekubaliana kuwasaidia wanafunzi waliofiwa na wazazi. Niliposoma nilifikiri ni mwandiko wangu. Nilimuuliza Mwalimu Mkuu kimefanyika nini. Ni muungwana, alisema "bado tunasubiri."

Ada ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, na wengi wetu tulioko mbali tukadhani kwamba mtoto sasa anasoma kwa hewa. Mtoto hula. Mtoto anayetoka mbali hupanga chumba, na chumba cha kupanga karibu na machimbo si mahali pa msichana wa miaka kumi na minne. Mwalimu wa malezi amenipa hesabu: wanafunzi kumi na tisa waliopo sasa wamefiwa na baba, au mama, au wote, na hawana mtu wa kuwalipia chakula cha mchana mfululizo. Majina hakunipa, na amefanya vizuri. Amewapa namba, ya kwanza hadi ya kumi na tisa, na mbele ya kila namba ameandika kinachohitajika. Namba ya nne ni chakula na miwani. Namba ya kumi na moja ni chakula, na nauli ya kwenda kumwona mama yake hospitalini Shinyanga mara moja kwa mwezi. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa yote.

Ninaomba mkutano huu usipitishe azimio lolote juu ya jambo hili. Ninaomba hata neno kusaidiana lisiingie katika kumbukumbu za leo. Anayetaka achukue namba, aandike jina lake mbele yake, aandike na mwezi atakaokuja hapa shuleni mwenyewe, kwa miguu, kuonana na mwalimu. Asiyeweza asiandike, na asione haya. Afadhali kumi na tisa wajue leo kwamba watano wamepata na wengine bado, kuliko wote kuendelea kusubiri kwa adabu.

Kitabu ninakiacha maktaba. Ni nakala moja tu, Mkutubi ameomba kisitoke nje ya chumba, nami nimekubali. Atakayefika kwenye pombe akachoka akiweke, atakirudia akiwa mkubwa.

Orodha iko kwenye meza pale karibu na mlango, chini ya jiwe ili upepo usiipeperushe. Kalamu imefungwa kwa kamba. Namba ya nne na namba ya kumi na moja tayari zina jina langu, kwa hiyo anzeni na nyingine.